Neno "candidate" limetoka wapi? Mwongozo kamili wa kufuatilia asili ya neno la Kiingereza

Umeme ulikatika saa mbili usiku, na mtoto wa dada yangu alikuwa bado hajamaliza kazi ya nyumbani. Mwalimu wa uraia amewapa maneno kumi ya Kiingereza, waeleze kila neno lina maana gani na limetoka wapi. Tisa alikuwa amekwisha kuyanakili simuni. La kumi lilikuwa "candidate".

"Mjomba, hapa wameandika linatokana na 'candid', mtu mkweli. Kwa hiyo mgombea ni mtu mkweli?"

Dada yangu alikuwa amekaa mkekani anasugua chimni ya kandili kwa kipande cha gazeti. Alicheka mpaka akaiweka chini isije ikamponyoka.

Jibu ni hapana, ila hilo "hapana" lina njia yake. Tuliipita usiku ule hatua kwa hatua, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Ukiijua utaitumia kwa neno lolote la Kiingereza lenye sura ya Kilatini, nayo ni mengi: maneno ya sheria, ya hospitali, ya serikali na ya chuo kikuu. Unahitaji daftari, kamusi ya Kiingereza inayotaja asili ya maneno, na kamusi ya Kilatini. Ile kubwa ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure mtandaoni, na pamoja na uzee wake bado inafaa sana.

Anza na maana unazozijua wewe

Watu wengi hukimbilia asili kabla hawajajua wanatafuta asili ya nini. Andika kwanza matumizi ya neno leo. "Candidate" ni anayegombea ubunge. Ni pia mwanafunzi aliyekaa kwenye chumba cha mtihani, mwombaji kazi aliyeitwa kwenye usaili, hata chanjo ambayo bado inajaribiwa na huenda ikafaa. Kinachowaunganisha wote ni kwamba hakuna aliyekwisha kukipata anachokitaka.

Sasa tazama Kiswahili kinavyofanya. Tunasema mgombea, mtahiniwa, msailiwa, mwombaji. Kila mmoja tunamwita kwa analolifanya au analofanyiwa. Mgombea ametoka kwenye kugomba, na anayegombea kitu ana mwenzake wa kugombana naye. Kumbuka jambo hili, kwa sababu Warumi walimwita mtu huyohuyo kwa kitu tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: ling'oe neno mkia

Maneno ya Kilatini yana viambishi kama yetu, na mkia ndio unaokuambia neno limeundwaje. Hapa mkia ni "-ate". Kwa Kilatini ulikuwa "-atus", na kazi yake inafanana na ya "m-...-wa" yetu katika mtuhumiwa au mtahiniwa: mtu aliyefanyiwa jambo. "Advocate" ni advocatus, aliyeitwa, kwa maana ya kuitwa asimame upande wako kwenye kesi. "Delegate" ni delegatus, aliyetumwa. Kwa umbo hilohilo sisi tumepata "mtumwa", ambaye bahati yake ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya mjumbe wa mkutano, na kwa kitenzi hichohicho "mtume", ambaye bahati yake haina kifani. Kiambishi hukuambia umbo. Kilichompata neno baadaye hakikisemi.

Basi "candidate" ni candidatus: aliyefanywa *candidus*. Herufi c ya Warumi isome k popote uionapo, mbele ya a au mbele ya i, kwa kuwa ndivyo Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alivyotamka. Kandidatus. Liseme kwa sauti mara mbili tatu, utalihitaji mbele.

Angalizo dogo: si kila "-ate" ni mtu aliyefanyiwa jambo. "Senate" ni senatus, baraza la wazee, kutoka senex, mzee. Mkia unafanana, umbo ni jingine. Ndiyo maana kamusi haikwepeki.

Hatua ya pili: uliza liliingia lini na kwa mlango upi

Kilatini kiliingia Kiingereza kwa milango mingi. Kuna maneno yaliyoingia zamani sana pamoja na wafanyabiashara na wamishonari, kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Kuna yaliyopitia Ufaransa baada ya uvamizi huo. Na kuna yaliyochotwa moja kwa moja vitabuni na wasomi wa karne ya 16 na 17, waliokuwa wakisoma Kilatini tangu utotoni.

"Candidate" ni la kundi hili la mwisho. Katika tamthilia ya Shakespeare ya *Titus Andronicus*, iliyochapwa mwaka 1594, mhusika mmoja anamletea mwenzake vazi jeupe lisilo na doa na kumwambia awe "candidatus", alivae. Neno bado lina mkia wake wa Kilatini, na bado limeshikamana na vazi. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 17, "candidate" linaonekana likiwa neno la kawaida la Kiingereza kwa mtu anayewania cheo.

Tarehe ni kitu cha kwanza ninachokitazama ninaposikia hadithi tamu kuhusu asili ya neno. Kivumishi "candid" nacho kiliingia Kiingereza karne hiyohiyo ya 17, kikianza na maana ya weupe. Maana ya mtu msema kweli ilikuja kukolea baadaye. Sasa "candidate" lingewezaje kuzaliwa na maana ambayo ilikuwa bado haijakomaa? Hao ni ndugu wa mama mmoja, na tovuti ile ilimfanya ndugu mmoja kuwa mzazi wa mwenziwe.

Hatua ya tatu: fungua Kilatini, kisha tafuta kitu chenyewe

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wengi wanapoishia njiani.

Kamusi itakuambia kwamba *candidus* ni "nyeupe". Usiridhike. Warumi walikuwa na neno jingine la weupe, *albus*, na lugha haibebi maneno mawili kwa kazi moja bila sababu. Albus ni weupe wa kawaida, usiong'aa. Candidus ni weupe unaometa, kama theluji juani. Kwa sisi ni rahisi kuliko kwa Mwingereza, kwa sababu tunaweza kusema albus ni nyeupe, na candidus ni nyeupe pe! Chini yake kuna kitenzi *candere*, kung'aa, kuwaka mpaka kitu kiwe cheupe kwa moto, kama chuma kwenye kiwanda cha mhunzi.

Hata albus hajatuacha mikono mitupu. Ubao uliopakwa chokaa ambao Warumi waliandikia matangazo ya umma uliitwa *album*. Ndiyo albamu ya picha za harusi.

Sasa, nani alimfanya mgombea awe mweupe pe? Hapo lazima uache kamusi uende kwenye historia, kwa sababu maana ya neno mara nyingi imelala ndani ya kitu kilichoshikika.

Kitu chenyewe ni toga, vazi pana la kujitanda mwilini. Toga ya kawaida ya raia wa Roma ilikuwa ya sufu isiyotiwa rangi, weupe wa kufifia wa kondoo. Aliyetaka kuchaguliwa alitaka aonekane kutoka mbali kwenye umati wa watu uwanjani, kwa hiyo toga yake ilisuguliwa chaki mpaka ing'ae. Hiyo ndiyo *toga candida*, na aliyeivaa ndiye *candidatus*. Fikiria kanzu ya Idi iliyotiwa bluu na wanga, ikapigwa pasi, mwenyewe anatembea katikati ya njia asiguse ukuta.

Usafi wenyewe, ukiuona ulivyopatikana, utashangaa. Wafua nguo wa Roma walikanyagakanyaga sufu kwenye mabirika yenye mkojo uliochacha, wakaifukiza kwa moshi wa salfa, kisha wakaipaka udongo mweupe. Mabirika yao bado yanaonekana Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK. Kwenye kuta za mji huohuo kuna matangazo ya uchaguzi kwa maelfu, yamechorwa kwa rangi, na kabla ya kuchora ukuta ulipakwa chokaa na fundi aliyeitwa *dealbator*. Ukilivua neno hilo utamwona albus katikati yake.

Weupe huo uliwahi kupigwa marufuku. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilipitishwa sheria ya kumkataza mtu kuongeza weupe kwenye nguo yake kwa ajili ya kuomba cheo. Livy mwenyewe, akiandika karne kadhaa baadaye, anaona aibu kidogo kuitaja. Anasema siku hizi lingeonekana jambo dogo, lisilostahili kuzungumzwa kwa dhati, ingawa wakati ule liliwagombanisha watu wa tabaka la juu na wa chini. Sheria hiyo haikufua dafu. Mwaka 64 KK Cicero, akigombea cheo kikuu cha dola ambacho Warumi walikiita ukonsuli, aliwashambulia wapinzani wake Catiline na Antonius kwa hotuba ambayo tangu hapo imeitwa "Katika toga nyeupe". Akashinda.

Plutarch, mwandishi Mgiriki, naye ana habari ninayoipenda kuliko zote. Anasema wagombea wa zamani walivaa toga bila kanzu ya ndani, na anajiuliza kwa nini. Huenda, anasema, ilikuwa ili wasipate mahali pa kuficha pesa za kuhonga. Au ili makovu ya vita kifuani yaonekane na wapigakura. Dhana ya kwanza inachekesha zaidi, na msomaji wa Tanzania aliyeshuhudia mabishano ya takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapigakura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, haitampa shida kuielewa.

Kwa hiyo umeona: hakuna popote mtu aliposema mgombea ni mkweli. Ni kweli kwamba washairi wa Kilatini nao walitumia candidus kwa mtu mwenye moyo mweupe, asiye na hila. Lakini candidatus alipata jina lake dukani kwa mfua nguo. Mshairi Persius alikuwa na maneno mawili tu kwa watu hao, *cretata ambitio*, yaani tamaa iliyopakwa chaki. Na hiyo *ambitio*, ambayo Kiingereza wameifanya "ambition", asili yake ni kuzungukazunguka, mgombea anavyopita huku na huku akishika watu mikono.

Kama unataka neno la Kilatini linalomkaribia "mgombea" wetu, chukua *competitor*. Huyo alikuwa mshindani wako, anayekitafuta kilekile unachokitafuta wewe.

Hatua ya nne: tafuta ndugu, lakini omba vyeti vya kuzaliwa

Ukishapata shina, hapa *cand-*, andika maneno yote ya Kiingereza unayodhani yamo. Mpwa wangu aliandika sita: candle, candid, candy, chandelier, incense, na Candida, ile fangasi ambayo kila mama aliyekwenda kliniki ameisikia.

Watano ni ndugu. Mmoja ni mpita njia.

"Candle" ni *candela*, mshumaa, na liliingia Kiingereza mapema sana, kabla ya 1066. Candida ni "nyeupe pe" bila kubadilishwa hata herufi. Wanasayansi waliipa jina hilo kwa utando mweupe wa kinywani na kwenye maabara, na spishi inayojulikana zaidi wakaiita *Candida albicans*, yaani nyeupe pe inayoendelea kuwa nyeupe. Candidus na albus wamekutana tena!

"Incense" halifanani kwa macho. Lakini Kilatini kina tabia ya kupunguza a ikawa e kitenzi kinapoongezewa kiambishi mbele: *damnare*, kuhukumu, inakuwa *condemnare*. Ndivyo kuwasha kulivyokuwa *incendere*, na kinachowashwa kikatoe harufu kikawa "incense", ubani.

"Chandelier" linafundisha kanuni nzuri kuliko zote. Kwenye Kifaransa cha Paris, ka ya Kilatini mwanzoni mwa neno iligeuka kuwa cha au che. *Cattus*, paka, akawa "chat". *Cantare*, kuimba, ikawa "chanter". *Candela* ikawa "chandelle", na kinara chake kikaja Uingereza kama "chandelier". Kwa hiyo ukikuta neno la Kiingereza lenye "ch" na la Kilatini lenye "ca", na maana zinakaribiana, shuku mlango wa Ufaransa. Kanuni ya sauti ndiyo cheti cha kuzaliwa. Kufanana kwa herufi peke yake si ushahidi.

"Candy" ndiye mpita njia. Ameanzia India, kwenye neno la Kisanskriti la kipande cha sukari guru, akapita Uajemi na Uarabuni, akafika Ulaya akiwa *qandi*, sukari iliyogandishwa. Hana undugu na Mrumi yeyote. Ajabu ni kwamba India pia kuna ndugu wa kweli ambaye hukumtarajia: *chandra*, mwezi, kutoka shina la kale sana la kung'aa ambalo Kilatini na Kisanskriti vimerithi kwa babu mmoja. Utalisikia ndani ya majina ya Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam.

Mpwa wangu alipoona mchezo umeanza, akauliza: "Na kandambili?" Hapana. Hizo ni kanda mbili za kubana mguu, na zimetosheka na Kiswahili.

Hatua ya tano: rudi nyumbani

Hatua hii haimo kwenye miongozo ya Waingereza, kwa sababu wao hawaihitaji. Sisi tunaihitaji, maana Kilatini kilifika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya Kiingereza, kikiwa kimevaa nguo za watu wengine. Wareno walituachia meza, ambayo ni *mensa*, na mvinyo, ambayo ni *vinum*. Waarabu walikuwa wameshapokea maneno mengi ya dola ya Roma kupitia Kigiriki na Kiaramu, nao wakatupa sabuni kutoka *sapo*, dinari kutoka *denarius*, na kasri kutoka *castrum*, ngome ya jeshi.

Ukitaka kumtafuta ndugu wa neno lako kwenye Kiswahili, jua kanuni mbili. K ya Kirumi mara nyingi Waarabu waliipokea kwa herufi qaf, na qaf hiyo sisi tunaifanya k: *qalam* ni kalamu, *qahwa* ni kahawa. Na Mswahili hapendi neno liishie kwa konsonanti, ataliongezea irabu. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1930, ni msaada mkubwa kwa maneno ya namna hii ukiipata.

Sasa chukua *candela* na uipitishe. Wagiriki waliisema kandela. Waaramu, *qandila*. Waarabu, *qindil*, na wengine *qandil*, taa. Weka k mahali pa qaf, ongeza irabu mwishoni.

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama yake. "Kandili!"

Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa ameishika. Na chimni yake je? Hapo nilimwachia aitafute mwenyewe kwa kanuni ya "ch" na "ca", na haikumchukua dakika tano kwenye simu: *caminus*, tanuri, Wafaransa wakafanya "cheminée", Waingereza "chimney", sisi chimni. Taa moja, vipande viwili vya Kilatini. Chini kimekuja na Waarabu, juu kimepita Paris na London. Utambi tu ndio wetu.

Ukishamaliza, andika hivi

Jibu zuri la kazi ya nyumbani, au la makala, halizidi mistari minne. Taja maana ya leo, umbo la Kilatini na maana yake halisi, kitu kilichozaa maana hiyo, na wakati neno lilipoingia Kiingereza. La mpwa wangu lilisomeka: "Candidate ni mtu anayegombea au kutahiniwa. Kwa Kilatini ni candidatus, aliyevalishwa nyeupe inayong'aa, kwa sababu wagombea wa Roma walivaa toga iliyopakwa chaki. Lilianza kutumika Kiingereza karne ya 17. Ni ndugu wa kandili."

Mstari wa mwisho nilimshauri aufute, mwalimu asije akadhani ni utani. Alikataa.

Kisha akataka kuendelea na "vote". Hilo ni jepesi: *votum*, nadhiri, jambo uliloliahidi au unalolitamani mbele ya mungu. Kura yetu imetoka kwa Waarabu na mwanzo wake ni bahati nasibu, ndiyo maana askari kwenye Injili wanaipigia kura kanzu ya Yesu na hakuna mgombea hata mmoja. Alikuwa anaandika hilo umeme uliporudi. Dada yangu akakinga kiganja juu ya chimni, akapuliza, akaiacha kandili mlangoni ipoe.